Toroli Limesemaje?

2 Machi

Kuanzia leo hakuna ndege itakayogusa ardhi bila ruhusa yangu, na hapo nimejizuia sana nisiseme kwamba hata kunguru wameanza kuniomba. Mimi ndiye mnara, mimi ndiye mkuu wa uwanja, mimi ndiye mfukuza mbuzi. Marubani waliosoma miaka chungu nzima wanakaa huko juu wakizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, wananisubiri mimi niliyeachana na shule darasa la saba, baada ya mwalimu wa hesabu na mimi kukubaliana kwamba mmoja wetu hajui kitu.

Uwanja wenyewe, kwa asiyeujua, ni ardhi tupu ya udongo mwekundu kuanzia kwenye kichuguu mpaka kwenye korongo. Hauna lami, hauna taa, una mbuzi. Katikati umebonyea kidogo, pale tunapaita tumboni. Mvua ikinyesha maji yanakwenda kukaa hapo kama mashemeji waliokuja kusalimia tu.

Kazi ilikuwa ya baba. Wiki iliyopita alikanyaga msumari wa bati, ukaingia mguuni mpaka akamwita mama, ambaye alishatutoka siku nyingi. Baba ana sukari. Muuguzi wa zahanati, tunayemwita Sista, amemwambia asikanyage chini mpaka kidonda kifunge. Basi baba yuko kitandani, kitanda kimesogezwa dirishani autazame uwanja wake, na mimi nimerithi ufalme huku mfalme anakunywa chai.

Sheria za baba ni mbili. Ya kwanza ni toroli. Kabla ndege haijaja unapakia mawe yake yote, yale aliyoyapaka chokaa watu wasiyaibe kujengea jiko. Unasukuma kutoka kichuguuni mpaka korongoni, unarudi upande wa pili, pale pale magurudumu ya ndege yatakapopita. Kisha unachomeka kidole cha shahada kwenye mfereji ulioachwa na gurudumu. Ukiishia kiungo cha kwanza, ardhi ni ngumu. Ukifika cha pili, bado. Sheria ya pili ni mashuka. Mashuka mawili meupe ukiyatandika kwa mstari mmoja, rubani anashuka. Ukiyapishanisha kama mkasi, anarudi alikotoka. Redio iko zahanati na inaongea na mjini tu, haiongei na ndege iliyo angani. Angani wanasoma mashuka yangu.

Jioni baba ameniuliza kutoka kitandani, "Toroli limesemaje?"

"Limesema mwanao ana mgongo mzuri."

"Nimeliuliza toroli, sijamuuliza msemaji wake."

5 Machi

Mvua ya kwanza. Dada amefurahi, ana mboga. Mimi nimenoa jembe ambalo sina mpango nalo.

9 Machi

Leo ameshuka Kapteni. Kapteni ni mwanamke mfupi, mnene, anatembea kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Anaendesha ndege ndogo ya viti vinne ya tajiri mmoja wa mjini. Anatuletea dawa za zahanati, chumvi ya duka, na mara mojamoja wageni wa kampuni ya mbao ambao wakishuka wanatapika nyuma ya kichuguu, halafu wanajifanya walikuwa wanatazama mandhari.

Kushuka kwake ni kitu cha kutazama. Anakuja taratibu, pua juu, anayagusisha magurudumu ya nyuma mbele kidogo ya kichuguu, na lile la puani analishikilia hewani mpaka mwendo uishe, kama mtu anayemlaza mtoto asiyetaka kulala.

"Dogo! Mbuzi wako wapi?"

"Nimewapa likizo, Kapteni."

"Na mvua ya juzi?"

"Toroli limepita kama liko sebuleni."

Amenitazama, akacheka. "Unavyojisifu, siku moja utalipa kodi."

Sista alimwomba ampeleke baba hospitali ya mjini, mguu ukatazamwe na daktari. Kapteni akaja mpaka dirishani. "Mzee wangu, kiti kiko wazi. Twende."

Baba akasema, "Mwanangu, nimeshusha ndege miaka yote hii na sijapanda hata moja. Nazijua zinavyoshuka. Ndiyo maana sipandi."

Tumecheka mpaka Kapteni akashika ukuta. Dada hakucheka. Yule dada yangu amezaliwa na sura ya mtu anayesubiri sufuria imwagike.

12 Machi

Mvua.

14 Machi

Daraja la mto limeondoka na maji. Nimekwenda kuliona, yaani kuona pale lilipokuwa. Lori la duka liko ng'ambo, dereva amekaa juu ya boneti anatupungia mkono kama bibi harusi. Upande mwingine ni korongo na msitu. Kwa hiyo sasa mlango wa kutokea hapa ni mmoja, nao ninaushika mimi. Nimemwambia dada aanze kuniita Mheshimiwa. Amenipa ndoo ya kukinga maji yanayovuja juu ya kitanda cha baba.

15 Machi

Mvua. Toroli limezama.

16 Machi

Mvua. Limezama.

17 Machi

Mvua ilikatika asubuhi, nikajipamba. Saa nane ikarudi na ndugu zake wote.

21 Machi

Chumba cha baba kimeanza kunuka. Siandiki zaidi ya hapo. Dada anafua bendeji, anazichemsha, na kwa kuwa jua hakuna anazitandaza juu ya kamba jikoni, moshi uzikaushe. Ukiingia kula unazisukuma na kichwa. Leo nilifanya mzaha kwamba tumefungua duka la vitambaa. Dada akaniambia bila kugeuka, "Njoo ushike mguu nikiosha, halafu urudie huo mzaha."

Nimeshika. Kidole gumba kimekuwa cheusi, cheusi cha kitu kilichoungua, na baba hakusikia maji ya moto. Alikuwa anatazama nje, anauliza kama nimefyeka nyasi upande wa korongo. Sikurudia mzaha.

Sista amesema mguu ukiachwa utapanda juu, na ukifika gotini tutakuwa tunaongea habari nyingine. Akamgeukia baba. "Mzee, huko watakukata kidole, pengine na nusu ya unyayo. Lakini utarudi."

Baba akautazama uwanja. Kisha akasema, "Haya. Nitapanda hicho kidude." Akanitazama mimi. "Lakini atakayekishusha awe mtu anayejua kazi."

"Baba, unaongea na mnara."

Redioni wamesema Kapteni atakuja tarehe 24 kama mbingu zitakubali.

24 Machi

Nianze na asubuhi, maana asubuhi ilikuwa nzuri. Mvua ilikuwa imelala tangu juzi. Dada alimnyoa baba, akampigia pasi shati la mikono mirefu. Baba amekaa kitandani na vifungo vyote mpaka shingoni, mfuko wa nguo magotini, kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

Nikaingia uwanjani na toroli. Matope yanang'ang'ania gurudumu, kila hatua unabeba nusu ya uwanja. Kufika karibu na tumboni toroli likagoma. Likazama nikiwa naliangalia. Nikapiga kelele zangu zote, nikasukuma kwa kifua, wapi. Nikatazama dirishani, nikaona lile shati jeupe.

Nikashusha mawe. Si yote, karibu nusu, nikayapanga pembeni. Nikasukuma tena, likapita tumboni mpaka korongoni. Nikapima, kidole kikaishia kiungo cha kwanza na ushee. Nikasema ushee si kitu. Nikatandika mashuka kwa mstari, yamenyooka kama nywele zilizochanwa.

Kapteni akaja. Magurudumu ya nyuma yakagusa vizuri, ndege ikakimbia, matope yakiruka pande zote, nami nilikuwa nimeshaanza kupiga makofi. Ilipofika tumboni pua ikaanguka. Gurudumu la mbele likaingia ardhini, mguu wake ukajikunja, pangaboi la puani likakata udongo mara moja tu, kishindo kama cha kabati kuanguka, na ndege nzima ikasimama juu ya pua, mkia juu, kama bata anayetafuta kitu chini ya maji. Ikakaa hivyo. Nilikuwa nakimbia na sikusikia miguu yangu. Kisha ikaanguka nyuma, puu.

Kapteni alitoka mwenyewe. Nyusi imepasuka, damu inaingia jichoni, anaifuta kwa mkono kama jasho. Alizima kitu fulani kwanza, akanusa kama mafuta yanavuja. Halafu hakunijia mimi. Alilijia toroli. Akayatazama mawe yake. Akageuka akayatazama yale mengine yaliyopangwa pembeni, meupe pee.

"Niliyaona kutoka juu," akasema. "Nikadhani ni wale mbuzi uliowapa likizo."

Nikaokota jiwe moja la pembeni, nikalirudisha torolini.

"Siku nyingine ukitaka kuniua niambie mapema, nivae vizuri."

Nikajaribu kucheka, nadhani. Kumbe yeye hakuwa anatania. Akakaa chini pale pale kwenye matope, na mikono yake ikaanza kutetemeka, akaibana katikati ya magoti, ikatetemeka na magoti. Sijawahi kuona mtu mzima akitetemeka hivyo. Nilisimama mbele yake kama mti.

Baba bado alikuwa amevaa shati lake tulipoingia. Sista alimshona Kapteni kwenye kiti cha jikoni, chini ya bendeji. Baba akaita kutoka chumbani, "Toroli lilisemaje?"

Nikafungua mdomo. Kapteni akanitangulia. "Toroli lilikuwa sawa, mzee wangu. Ni gurudumu langu la mbele, nilikuwa na mgogoro nalo tangu mjini."

"Pole, mwanangu," baba akasema. Kisha nikamsikia anamwambia dada amvue shati, lisichafuke, atalivaa tena.

25 Machi

Kapteni amelala kwa dada. Haongei nami. Anakula, anashukuru, anakwenda kuizunguka ndege yake.

26 Machi

Mvua. Ndege yetu ya viti vinne ina kuku wanne chini ya bawa.

30 Machi

Fundi wa ndege amefika. Alivuka mto amekaa juu ya mpira wa ndani wa tairi la lori, vyuma vyake vimefungwa kichwani kwa nailoni, watu wa ng'ambo wakimvuta kwa kamba. Alipofika akatapika maji, akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?" Tukamwonyesha mlango wa baba. Akasema, "Sio huyo, yule mwingine, mwenye mabawa."

Nikamwambia Sista, kama fundi amepita kwenye mpira, kwa nini baba asipite? Nilidhani nimegundua kitu. Sista alikuwa anakunja glavu zake. Akasema, "Na kidonda kile kwenye maji yale? Na huko ng'ambo barabara haipo, ni kutembea siku mbili mpaka lori jingine. Atakufia njiani, utambeba umpeleke kwa nani?" Kisha akaona uso wangu, akasema kwa upole zaidi, "Ni ndege, mdogo wangu. Ndege au hakuna kitu."

2 Aprili

Fundi ananyoosha, anafunga waya, anatukana, ananyoosha. Mguu umevimba mpaka kifundo.

6 Aprili

Ndege imeondoka bila baba.

Nilidhani atamchukua. Dada alidhani pia, maana alikuwa amelipiga pasi lile shati. Fundi akasema hapana. Ndege iliyofungwa waya puani, kwenye ardhi laini, itaruka na mtu mmoja mwepesi, na hapo kapunguza mafuta. Kapteni akasema yeye si mwepesi. Fundi akasema ndiyo maana yeye anarudi kwa mpira.

Kabla hajapanda, Kapteni aliniita kando ya kichuguu. Kile kidonda cha nyusi kimekuwa mstari mwekundu.

"Nitarudi na ndege nyingine, ya rafiki wa tajiri. Nikishaipata, na ardhi ikikauka, nitakuja siku hiyo hiyo."

"Ndiyo, Kapteni."

"Nikiwa juu siwezi kuipima ardhi, dogo. Juu kila kitu ni kizuri. Kwa hiyo nitatazama mashuka yako tu, na sitabishana nayo. Umenielewa?"

"Ndiyo, Kapteni."

"Baba yako hakuwahi kunidanganya hata mara moja."

Akaruka. Magurudumu yaliachia ardhi mwisho kabisa, korongoni, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa juu anakuwa mdogo.

8 Aprili

Mvua. Nimesukuma na mawe yote na mengine ya jikoni. Limezama. Nimefurahi limezama, sijui kwa nini.

10 Aprili

Mvua. Baba ana homa. Aliniita kwa jina la mjomba.

11 Aprili

Limezama.

12 Aprili

Nimemwambia dada akalale nikeshe mimi. Akalala akiwa amekaa, mkono wake kwenye mguu wa kitanda. Nimeutazama ule mkono. Umebabuka wote kwa maji ya moto na sabuni, kucha zimelainika kama karatasi. Huyu ndiye niliyekuwa namwona ana sura ya sufuria. Nadhani yeye aliona tangu mwanzo kitu ambacho mimi nilikuwa nakicheka.

14 Aprili

Mvua imekatika. Hakuna anayesema kwa sauti.

15 Aprili

Jua. Nimepima upande wa kichuguu. Pagumu.

Baba ana akili yake leo. Wekundu wa mguuni umepita kifundo, unapanda. Aliuliza habari za toroli, nikamwambia upande wa kichuguu ni mgumu. Akasema, "Na tumboni?" Nikasema kesho.

16 Aprili

Jua kali. Nimepima upande wa korongo. Pagumu. Sista ameongea na mjini. Kapteni ameshapata ndege, yuko tayari, anasubiri ardhi tu. Watu wanapita wananishika bega, "Vipi, mnara?" Jina hilo nilijipa mwenyewe, na sasa nikilisikia nageuza toroli.

17 Aprili

Jua. Kapteni kesho, saa nne. Dada ametoa pasi.

Nimefika ukingo wa tumboni na toroli. Uso wa ardhi umekauka na kupasukapasuka, lakini huwezi kujua chini kukoje. Nimesimama pale. Nikaona mkia wa ndege juu, nikasikia kile kishindo. Nitapima kesho asubuhi, kukiwa na baridi, mikono ikiwa na nguvu.

18 Aprili

Nimeweka mkasi. Toroli limezama tumboni. Kapteni alizunguka mara tatu, akaondoka.

19 Aprili

Baba haongei.

20 Aprili

Mvua imerudi.

21 Aprili

Baba amefariki alfajiri. Dada alikuwa anabadilisha bendeji, akaendelea mpaka akamaliza, akafunga fundo, ndipo akaniambia.

22 Aprili

Tumemzika mahali panapoonekana kutoka kichuguuni. Shimo lilikuwa linajaa maji, tukachota kwa ndoo ile ya chumbani. Alivaa lile shati.

Watu wamenisifu. Nataka niandike hili vizuri. Wamekuja mmoja mmoja, mwenye duka, wazee, hata mwenye mbuzi ambaye hatujasalimiana tangu mwaka jana. Wamenishika mkono kwa mikono miwili. "Kijana, una moyo wa chuma. Baba yako ndani, na bado ukamrudisha rubani asije akafa." Sista alisema mbele ya wote kwamba wengine tungetandika mstari tukafumba macho, tungewazika wawili. Dada alikuwa amekaa ukutani. Akasema, "Baba angekusifu." Kisha akasema, "Alikusifu."

Sijisifu leo.

29 Aprili

Jua siku nzima, na jana pia.

30 Aprili

Kapteni ameshuka. Nilipima na mawe yote, mpaka mwisho, pande zote mbili, nikampakia na mtoto wa jirani juu ya mawe kuongeza uzito. Mstari. Akashuka kama anavyoshuka.

Alikwenda kaburini, akasimama na kofia mkononi. Kwenye ndege ile ya kuazima viti viwili vya nyuma vimeng'olewa, na machela imefungwa sakafuni kwa mikanda, na godoro jembamba lenye maua. Hajaitoa tangu siku ile. Nilipoiona nikashika bawa.

Tulikaa chini ya bawa, kwenye kivuli.

"Nikwambie ukweli, dogo," akasema. "Siku ile kutoka juu niliona pamekauka. Nilizunguka mara ya pili, nikaona pamekauka. Ya tatu nikashuka chini kabisa, nikakuona umesimama karibu na mashuka, nikaona bado ni mkasi. Mkono ulikuwa unataka kushuka wenyewe. Nikajiambia, mimi nina macho, yeye ana toroli. Nikarudi."

Nikaendelea kuitazama ile machela.

"Nililia njia nzima. Lakini nilisema, yule mtoto amekuwa mtu. Ana mgonjwa wake ndani na hajanidanganya." Akanipiga begani. "Tajiri amekubali kazi ya uwanja uichukue wewe. Umeipata kwa haki."

Nikasema asante, Kapteni.

Dada akatuletea chai pale pale kwenye bawa. Walikunywa. Yangu ilipoa.

3 Mei

Siwezi kulala kwenye kile chumba. Dirisha linatazama uwanja.

Nitaandika sasa, moja kwa moja, nisipoandika leo nitaanza kuiamini ile hadithi nyingine.

Tarehe 18 niliamka mapema. Nilipakia mawe yote. Nilisukuma kutoka kichuguuni, pagumu, mpaka ukingoni mwa tumboni, na hapo magoti yakakataa. Sina neno jingine. Niliyaambia yaende, hayakwenda. Kila nikiinua mikono ya toroli naona ile mikono ya Kapteni imebanwa katikati ya magoti, inatetemeka. Nikasema, nikipima pakawa pagumu, nitatakiwa nitandike mstari, na nikitandika mstari atashuka, na akishuka labda nimekosea tena. Lakini nikiweka mkasi, hakuna ndege itakayosimama juu ya pua. Mkasi haumuui mtu. Nilifikiri hivyo kweli, mimi, na baba yuko ndani amefungwa vifungo mpaka shingoni. Jua likapanda. Nikasikia injini. Toroli nikaliacha pale pale ukingoni, nikakimbia nikaweka mkasi.

Alizunguka mara tatu. Ya tatu alikuja chini mpaka nikamwona uso. Ningeweza kuvuta shuka moja tu, lilikuwa karibu na mguu wangu. Nililitazama.

Alipoondoka, na mlio wake ukapotea kabisa, magoti yakarudi. Hilo ndilo linaloniua. Nikalirudia toroli na mawe yake yote, nikasukuma nikapita tumboni, kwenda na kurudi, pande zote mbili. Nikapiga magoti, nikachomeka kidole. Kucha haikuzama. Nikachomeka kila mahali, kama kichaa, natafuta pa kuzama. Hapakuwepo. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu.

Nikaingia ndani. Dada alikuwa amefunika uso kwa kanga. Baba ameegemea mto, jasho linamtoka kwenye kola, anatazama uwanja mtupu. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Toroli limesemaje, babaangu?"

"Limezama, baba. Tumboni."

Akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. "Basi umefanya kazi," akasema. "Umefanya kazi nzuri." Akaanza kufungua vifungo vya shati mwenyewe, vidole vinateleza, nikainama nikamsaidia.

Toroli lilikuwa limesema ashuke.